Ndege Aliyeimba Oktoba

Tundu la ndege halikuwepo kwenye msumari wake. Nereida alipapasa ukuta nyuma ya jiko, juu ya pipa la maji, pale lilipotundikwa miezi yote ya joto likiwa limefunikwa gunia jeusi, na mkono wake ukakuta ukuta mtupu. Gunia lenyewe lilikuwa chini, limekunjwa vizuri.

Mama yake, Obdulia, alikuwa jikoni anafunga unga wa mahindi na nyama katika majani ya mgomba, chakula cha asubuhi cha wageni wa klabu ya kutazama ndege. Hakugeuka. Nereida alimwuliza baba yuko wapi, naye akajibu kwamba mtu mzima huwa yuko huko aliko.

"Mama, amechukua ndege."

"Amechukua." Obdulia alikaza kamba ya fungu moja kwa meno. "Ameenda Reli Kuukuu. Nyinyi si mnapita mtoni? Basi. Kila mtu na njia yake."

Ni kweli walikuwa wapite mtoni, na Hermelindo alilijua hilo vizuri. Wiki ile alimwuliza binti yake mara tatu matembezi ya Jumamosi yatapita wapi. Nereida alikuwa amefurahi. Miaka miwili alikuwa anawaongoza watazama ndege wa mjini na baba hakuwahi kumwuliza hata jina la ndege mmoja. Juzi alimchorea njia yote juu ya meza kwa kidole kilicholowa kahawa: hapa kanisa, hapa daraja, hapa tunakaa kuwasubiri mbayuwayu. Baba alitazama mpaka kahawa ikakauka. Sasa Nereida alijua alichokuwa akikitazama.

"Alisema ameacha," Nereida alisema.

"Miwa haikatwi mpaka Desemba. Na leo ni tarehe ngapi ya Oktoba?" Obdulia aliweka fungu sufuriani. "Nenda, utachelewa. Na ufunge nywele, usiwaendee watu kama umetoka kupigana."

Watu wa klabu waliamini kwamba baba yake Nereida ni mkata miwa anayefanya kazi mbali, upande wa kusini, na anakuja nyumbani mara chache. Nereida ndiye aliyewaambia hivyo siku ya kwanza kabisa, na tangu hapo Jumamosi za matembezi Hermelindo alikuwa akijificha kwa shemeji yake hadi basi la wageni liondoke. Hakuwahi kulalamika. Alishakamatwa akiwa na ndege mara moja, akasaini karatasi, na karatasi ile ilisema mara ya pili hakuna kusaini, ni jela.

*

Basi dogo la klabu lilikuwa limeshafika kanisani. Wageni tisa walikuwa wanashuka, wamevaa makoti, maana upepo wa kaskazini ulikuwa umeleta mvua na baridi hadi alfajiri. Mwalimu Zoraida, mwenyekiti wao, mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, alimkumbatia Nereida kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamvalisha shingoni darubini ya klabu. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba leo yeye anaongoza peke yake, na wenzake wamekuja kumtazama kiongozi kama walivyokuja kutazama ndege. Wakiridhika, Jumatatu ataanza kazi kwenye mnara wa kuhesabia vipanga, mshahara wa mwezi, sio bahasha ya Jumamosi.

Nereida alisema asante. Kisha Mwalimu akageukia kundi akatangaza kwamba mto umefurika, daraja halipitiki, kwa hiyo watakwenda Reli Kuukuu.

Baba alikuwa ameacha simu nyumbani, kama kawaida yake akienda kutega, isije ikalia. Hakukuwa na njia ya kumwonya. Nereida alisema haraka kwamba kilimani kungefaa zaidi, vipanga watapita wengi baada ya upepo huu.

Bwana Fausto, wakili aliyebeba kamera ndefu kama bunduki, alicheka. "Kiongozi wetu bado ana usingizi. Vipanga hawaamki na jogoo, binti. Wanangoja jua lipashe hewa ndipo wapande. Saa tatu, saa nne. Hilo liko kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu."

Wengine walitabasamu. Nereida, aliyeishia darasa la tano, alilijua jambo hilo kabla hajajua kusoma. Aliinamisha kichwa akasema ni kweli, amesahau.

"Tangulia basi," Mwalimu Zoraida alisema, na safari hii hakutabasamu.

*

Njia ya reli ya zamani ilipita kati ya mashamba ya miwa na vichaka, vyuma vyenyewe vikiwa vimeng'olewa na kuuzwa siku nyingi. Nereida alijaribu kila alichoweza. Alisimama kwenye kila mti. Aliwaonyesha ndege ambao mtu wa mjini huwaona kwenye waya mbele ya nyumba yake. Alizungumza kwa sauti kubwa, akitumaini sauti yake itafika mbele, hadi mama mmoja akaweka kidole mdomoni na Mwalimu Zoraida akamsogelea kumwuliza kama anaumwa. Kiongozi wa ndege kupiga kelele ni kama mpishi kutema mate chunguni.

Vichaka vilikuwa vimejaa. Upepo ulikuwa umewashusha wasafiri wote waliokuwa angani, ndege wadogo wa manjano, wa kijivu, wenye vilemba vyeusi, wamechoka kiasi kwamba walikuwa wanarukaruka miguuni pa watu wakiokota wadudu. Wageni walinong'ona majina kama watu wanaosali. Siku kama hiyo huja mara moja katika miaka mitano, na Nereida hakuona kitu. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye mwanya wa miwa baada ya kalvati, bomba kubwa la maji chini ya njia, mahali ambapo yeye mwenyewe, akiwa na miaka sita, alikuwa akishikilia mti wa wavu wa baba yake.

Nyuma yake alitembea Mzee Evelio, mkongwe wa klabu, ameshika mkoba wa Nereida ili asijikwae. Macho yake yalikuwa na ukungu mzito. Alikuwa hatazami ndege tena, anawasikiliza tu. Miaka thelathini alipokea simu za telegrafu kwenye kituo cha reli, na watu walisema masikio yake yanaweza kusikia mchwa akibadilisha nia.

"Simama kidogo, binti," alisema.

Nereida alisimama. Kutoka mbele, juu ya miwa, ulikuja wimbo mwembamba, mtamu, wenye haraka, kama mtu anayemwaga shanga ndani ya glasi.

"Unamsikia?"

"Simsikii mtu, mzee."

Mzee Evelio aligeuza sikio kuelekea miwa. Mkono wake haukuachia mkoba. "Basi na masikio nayo yamefuata macho," alisema taratibu, lakini hakusema kama mtu anayeamini.

Wimbo ukarudi, na sasa wote waliusikia. Bwana Fausto alishika kifua. Ndege wa rangi saba, dume, yule mwenye kichwa cha buluu na tumbo jekundu. Alisema amekuja miaka mitatu mfululizo kwa ajili ya picha yake moja tu. Akaanza kuharakisha mbele.

"Fausto, ngoja," Mzee Evelio alisema. "Oktoba huyu haimbi. Oktoba anapita kimyakimya, anapiga mlio mmoja mkavu basi. Huyo anaimba kama yuko mwezi wa Mei."

"Mwalimu mwenyewe anasikia kwamba anaimba."

"Anaimba kwa sababu kuna mtu amemweka gizani tangu joto lianze, na leo amemfunua. Anadhani ndiyo kwanza majira yake yanafika. Anawaita wenzake."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Uso wa Mwalimu Zoraida ulibana. Miaka miwili iliyopita alisimama mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya mtega ndege wa kijiji cha pili, na mtu yule bado alikuwa ndani.

"Tundu," alisema. "Twendeni."

Nereida alikimbia. Walio nyuma yake walidhani ana hasira na mtegaji.

*

Hermelindo alikuwa amesimama katikati ya mwanya, ameipa njia mgongo. Wavu wake, wenye nyuzi nyembamba kama nywele, ulitandazwa hatua kumi na mbili kutoka mti hadi mti, na haukuonekana kama wavu. Ulionekana kama uzio uliofunikwa na maua. Alikuwa ametegea rangi saba, akitumaini watano au sita. Upepo ulikuwa umemletea kila kitu kilichokuwa na mabawa. Ndege zaidi ya arobaini walining'inia, wengine wakijinyonga kila walipopapatika. Wengi walikuwa wale wadogo wa manjano wasionunuliwa na mtu yeyote. Mfuko wa nguo kiunoni mwake ulikuwa mtupu. Alikuwa anawanasua mmoja mmoja na kuwaachia, na shati lake lilikuwa limelowa jasho kwenye baridi ile.

Alimwona binti yake. Alimwona peke yake kwanza, akafumbua mdomo, kisha akaona darubini shingoni mwake na watu waliokuwa wanatokea nyuma. Akafunga mdomo.

Kamera ya Bwana Fausto ililia mara kumi kabla mtu hajasema neno. Kisha akatoa simu akapiga kwa walinzi wa wanyama, akaeleza mahali vizuri sana, kalvati, mwanya, upande wa kushoto. Alipomaliza alimgeukia Nereida.

"Wewe ni mtu wa hapa. Unamfahamu huyu mwizi?"

Wageni tisa walikuwa wanamtazama. Mwalimu Zoraida alikuwa anamtazama. Jumatatu ilikuwa siku mbili mbele.

"Namwona tu sokoni," Nereida alisema. "Kama watu wote."

Hermelindo hakuinua kichwa. "Ndiyo, tunaonana sokoni," alisema kwa adabu, kama anayemsaidia mgeni kupata njia. "Binti wa watu, hana habari na mimi."

Akaendelea kunasua. Juu ya kijiti, ndani ya tundu, rangi saba aliendelea kuimba kama redio iliyosahauliwa nyumba ya msiba.

Ndege mmoja karibu na Mwalimu Zoraida alipiga kelele. Mwalimu alinyoosha mikono akamshika, akavuta. Uzi ukaingia zaidi chini ya bawa. Alivuta tena, na ndege akafungua mdomo bila sauti.

"Muache, mama," Hermelindo alisema. "Utamvunja."

"Nitamwacha afe?"

"Unavuta kichwa. Kichwa ni cha mwisho. Angalia aliingia upande gani, anza na miguu."

Mwalimu Zoraida alijua majina ya ndege mia nne na mahali kila mmoja anapolala mwaka mzima. Hakuwahi kumshika hata mmoja. Alisimama na mikono yake mizuri hewani, na hakuna mwingine kati ya wageni aliyesogea, kwa sababu hakuna aliyejua.

Nereida aliweka chini fimbo aliyotumia kuwaonyeshea wageni ndege. Alikwenda upande wa pili wa wavu, akaingiza shingo ya ndege yule kati ya vidole viwili, akafungua miguu, akatelezesha uzi juu ya bega, akapuliza manyoya ya kichwa ili aone uzi wa mwisho. Ndege alikuwa huru. Alimweka kwenye kiganja cha Mwalimu, akashika mwingine. Huku vidole vikifanya kazi, ulimi wake ulikuwa unagonga kaakaa polepole, tk, tk, tk, mlio wa kumtuliza ndege asipapatike. Hakujua anafanya hivyo. Upande wa pili wa wavu, hatua tatu kutoka kwake, Hermelindo naye alikuwa anagonga ulimi vilevile, kwa mwendo uleule.

Mzee Evelio aligeuza kichwa kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Aliomba apewe wale waliodhoofika, awashike ndani ya kofia yake hadi wapate joto.

*

"Walinzi watafika baada ya dakika arobaini," Mwalimu Zoraida alisema kwa sauti, akitazama miwa. Baada ya muda akasema tena, bila kumwambia mtu yeyote, "Sasa zimebaki ishirini na tano." Nereida alielewa kwamba mlango wa kutoroka umefunguliwa. Miwa ilianza hatua mbili nyuma ya baba yake, na ndani ya miwa ile hakuna mlinzi ambaye angempata Hermelindo hata angekuja na mbwa.

Alimsogelea hadi wavu peke yake ukabaki kati yao.

"Nenda," alinong'ona.

"Wale wa chini?"

"Nitawatoa mimi."

"Wewe una mikono miwili. Hao wamejisokota." Alikuwa na ndege kwenye vidole, amemkazia macho. "Hawa wengine watakusaidia kuwaua."

"Baba, watakufunga."

"Punguza sauti. Mimi na wewe tunaonana sokoni."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Ndege wa chini alikuwa amezungusha uzi shingoni mara tatu. Nereida akapiga magoti.

Walifanya kazi. Hermelindo alimwonyesha yule mama wa kidole mdomoni jinsi ya kulegeza wavu kwa kuushika juu, na mama yule akashika, machozi yakimtoka. Bwana Fausto alipiga picha mpaka akachoka, kisha akabaki amesimama na kamera yake, mtu pekee aliyekuwa na mikono mitupu. Hatimaye aliuliza kwa ukali kama kuna kitu anaweza kubeba. Hermelindo akampa mti wa wavu aushikilie wima.

Sita walikufa. Waliwapanga juu ya jani. Mwalimu Zoraida alitoa daftari la klabu, akafungua, akalirudisha mfukoni. Ndege aliyenaswa haandikwi, ndiyo kanuni yao, awe hai au mfu. Gari la walinzi liliposikika kwenye kalvati, wavuni walikuwa wamebaki wanne.

Walinzi walikuwa wawili, mwanamume mnene na msichana mwenye ubao wa kuandikia. Mnene aliuliza wavu ni wa nani. Aliwakuta watu kumi na mmoja wenye manyoya mikononi na kwenye nguo, na wakili anayeshikilia mti, hivyo swali lenyewe halikuwa la kijinga.

"Wangu," Hermelindo alisema. "Niruhusu nimalize huyu."

Wakamruhusu. Alipomaliza wa mwisho alifungua tundu, na rangi saba akatoka hadi mlangoni, akasita, akaruka akatua kwenye muwa wa karibu. Hapo hakuimba tena. Mkono mmoja wa Hermelindo ulifungwa kwa pingu pamoja na mkono wa mlinzi mnene, na msichana akaanza kuandika: jina, umri, kijiji.

Ndipo mtu mmoja akasema, "Juu."

Jua lilikuwa limepasha hewa. Kutoka vilima vya kaskazini vipanga walikuwa wanapanda wakizunguka, mamia, kisha maelfu, nguzo nzima ya ndege ikigeuka kama moshi, na kutoka kileleni mwake mto mweusi ukimwagika kuelekea kusini bila hata bawa moja kupigwa. Vichwa vyote viliinuka. Mwalimu Zoraida, mashavu yake yana machozi, alikuwa amekwisha kutoa kidude chake cha kuhesabia, na kilikuwa kinalia tik tik tik kama hakimhusu. Msichana aliacha kuandika. Hata mlinzi mnene alifungua kinywa kuelekea mbinguni, akaulegeza mkono ili akinge jua, na pingu ikawa inaning'inia kwenye mkono wa Hermelindo peke yake. Mlinzi hakuwa ameibana upande wake.

Nereida aliliona. Aliona pia kwamba baba ameliona. Watu wawili tu mahali pale walikuwa hawatazami juu. Alimwonyesha miwa kwa kidevu.

Hermelindo alitikisa kichwa. "Nikikimbia watakuuliza wewe," alisema.

Kisha naye akatazama vipanga, akatulia, kama mtu aliyeketi mlangoni pake.

Mlinzi mnene alishusha macho, akaona pingu, akaibana kwa haraka na aibu. Msichana akarudi kwenye ubao wake. Aliuliza kama mshtakiwa ana ndugu wa karibu, wa kupelekewa taarifa.

"Hakuna," Hermelindo alisema. "Andika hakuna."

Kalamu ilishuka.

"Yupo," Nereida alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama siku zote, na msichana akauliza amesema nini. Ikabidi aseme mara ya pili, mbele ya wote, na ya pili ilikuwa ngumu zaidi. "Ana binti. Nereida Utrera. Mimi. Wavu huu nimeushikilia tangu nikiwa na miaka sita. Andika."

Kidude cha kuhesabia kiliacha kulia. Vipanga waliendelea kupita bila mtu wa kuwahesabu.

"Miaka miwili," Mwalimu Zoraida alisema. "Nimekula kwenu. Mama yako kanipa kikombe chake mwenyewe." Akanyoosha mkono, kiganja juu. Nereida aliivua darubini, akaifuta kwa pindo la blauzi, akamkabidhi. Bwana Fausto alikuwa anatazama chini, viatuni mwake. Mzee Evelio alisema jina la Nereida, mara moja tu, kuelekea mahali alipodhani amesimama. Nereida alikuwa ameshaondoka pale.

Gari lilikuwa la wazi nyuma, na Hermelindo alikuwa ameketishwa kwenye benchi la bati. Nereida alimwuliza mlinzi kama ndugu anaruhusiwa kwenda. Mlinzi akasema ndugu anaruhusiwa, lakini huko atahojiwa na yeye pia, na kama ni kweli alichokisema kuhusu wavu, basi asitegemee kurudi kula chakula cha mchana. Nereida alikanyaga gurudumu, akapanda.

"Mjinga," baba yake alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimeshamaliza. Zilibaki herufi sita tu aandike."

"Mama anajua?"

"Atajua wageni wakifika bila wewe." Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa uchungu na alikuwa anauficha kwa bega. "Shuka. Bado unaweza kusema ulichanganyikiwa."

Injini iliwaka. Benchi lilikuwa fupi, na baba alikuwa amekaa katikati.

"Sogea, baba," Nereida alisema.

Akasogea.